Mtoto Asikilizwe, Asichagulishwe Mzazi

Ndoa ikivunjika kwetu Kavimvira, mtaa wa mji wa Uvira nchini Kongo, suala la watoto mara nyingi huanzia kwenye kikao cha wazee kabla halijafika kwa hakimu. Huko swali la kwanza ni mahari. Ikiwa ilitolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Ikiwa bado, wajomba wana la kusema. Mtoto mwenyewe yuko nje anacheza.

Sheria ya Kongo haimweki nje. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda kila aliye chini ya miaka 18, inampa mtoto mwenye kupambanua mambo haki ya kutoa maoni kuhusu jambo linalomgusa. Haikutaja umri, na nadhani ilifanya vema: wa miaka 6 aweza kueleza sawasawa nani humpikia, na wa miaka 15 akaja amekaririshwa.

Kukaririshwa ndiko kunakotusumbua zaidi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto ikiwa ana umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe. Lakini mtoto aliyekaa mwezi mzima kwa baba kabla ya kesi huja na maneno ya baba. Kwa mama ni vilevile.

Ndiyo maana “Unataka kukaa na nani?” ni swali baya, hata hakimu akiliuliza kwa upole. Linambebesha mtoto lawama ya kumkataa mzazi. Mtoto azungumzishwe faraghani, aulizwe habari za siku zake: nani humwamsha, analala wapi, anamwogopa nani, wadogo zake wako wapi. Aambiwe pia kwamba mwamuzi ni hakimu, si yeye. Akitaka kwenda kwa mzazi fulani kwa kuwa huko halazimishwi kwenda shule, hakimu aweza kukataa.

Na asikilizwe mapema. Mpaka wa Gatumba, wa kuingia Burundi, uko hapo hapo. Mzazi anayeona kesi inamwelemea aweza kuvuka na watoto, na hukumu ya Uvira haitekelezwi Burundi mpaka mahakama ya huko iikubali.

Wazee wetu, msimwite mtoto katikati ya kikao mbele ya baba na mama yake. Mtafuteni mtu asiye na upande, mwalimu wake kwa mfano, azungumze naye kando kabla hamjaamua.