Ndoo ya Katikati

Mnadani Bunda, mkoani Mara, mnunuzi wa ng'ombe hahitaji mtaalamu. Hutazama kama pua ina unyevu, hupapasa mbavu, husimama nyuma kuona miguu inavyokanyaga, kisha huanza kubishana bei na dalali. Ugonjwa ataugundua, na njaa ataiona kwa mbali. Lakini muulize kama ng'ombe yule ana raha au ameishi kwa hofu, atakucheka.

Swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 20, na njia waliyoipata ya kulijibu inaweza kufanyika kwenye zizi lolote la Kiabakari au Nyamuswa. Zamani walitegemea mapigo ya moyo na homoni ya kotisoli. Tatizo ni kwamba moyo wa fahali hudunda kwa kasi akiona fimbo, na hudunda vilevile akiona jike. Kipimo kinaonyesha kwamba mnyama amesisimka, ila hakitofautishi raha na karaha.

Mwaka 2004, Emma Harding, Elizabeth Paul na Michael Mendl wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature jaribio lao la panya. Panya hao walifundishwa kwamba ukisikika mlio fulani, wabonyeze wenzo wapate chakula. Ukisikika mwingine, wauache, la sivyo watapigiwa kelele ya kuudhi. Walipokwisha kuelewa, wakasikilizishwa milio ya katikati, isiyo huu wala ule. Waliokuwa wakiishi kwa vurugu, leo matandiko yamelowa, kesho kizimba kimeinamishwa, walisita na kuchelewa kubonyeza. Wenzao waliotulia walijaribu bahati.

Nasi ndivyo tulivyo. Mwalimu mkuu akituma ujumbe kwamba mzazi afike shuleni kesho, mzazi aliyezoea mabaya ataanza usiku uleule kutafuta wa kumkopesha pesa. Mwenzake atadhani mtoto kapata zawadi. Ujumbe haukusema lolote kati ya hayo. Kinachopimwa ni hicho: mnyama asipokuwa na uhakika, hutegemea jema au baya? Wataalamu wanakiita kipimo cha mwelekeo wa hukumu.

Kimefanyiwa mbwa, nguruwe, kondoo, hata nyuki, ambao mwaka 2011 watafiti wa Newcastle waliwatikisa kwa dakika moja, kana kwamba mzinga umevamiwa, wakawakuta wanazidi kuikataa harufu isiyoeleweka. Lakini utafiti unaowahusu zaidi wafugaji wa Mara ni wa ndama. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwafundisha ndama wa maziwa kuwa kati ya rangi mbili za kwenye skrini, nyeupe na nyekundu, moja huleta maziwa na nyingine haileti. Kisha wakawaonyesha rangi za waridi, za katikati. Baada ya vichipukizi vya pembe zao kuchomwa kwa chuma cha moto, ndama walipungua kuifuata rangi ya waridi. Maumivu yalikuwa yamebadilisha matarajio yao.

Chuma cha moto tunakifahamu. Baada ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010 ilikuja kampeni kubwa ya kupiga chapa ng'ombe nchi nzima, na baadaye Serikali ikahamia kwenye hereni za kielektroniki. Mabishano yetu kuhusu hereni yalikuwa ya bei na ya nani alipe, na sikatai kwamba hayo ni mambo ya msingi kwa mfugaji. Ila Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na katika mabishano yale hisia za ng'ombe hazikupata msemaji.

Punda anastahili kipimo hiki kuliko wote. Huyu anayebeba madumu ya maji na magunia ya mahindi kwa ukimya, hodari wa kuficha maumivu, tunamsifu kwa uvumilivu, na sifa hiyo, kwa maoni yangu, imegeuka kuwa ruhusa ya kumwongezea mzigo. Uso wake hausemi kitu. Hatua zake kuelekea ndoo asiyojua kama ina chakula zinaweza kusema.

Msomaji asidhani majibu huwa mepesi. Elodie Briefer na Alan McElligott waliwapima mbuzi wa hifadhi moja ya Kent, Uingereza, baadhi yao wakiwa wameokolewa kutoka kwa watu waliowatunza vibaya. Majike waliowahi kutunzwa vibaya walionekana na matumaini kuliko wale waliotunzwa vizuri. Kondoo wa Australia nao, walipofunguliwa baada ya kubanwa kwa saa kadhaa, walitegemea mema. Huenda nafuu baada ya dhiki ina utamu wake. Ndiyo maana kumpima mnyama mara moja na kutoa hukumu ni hatari, na uchambuzi wa makumi ya tafiti umeonyesha kuwa kwa wastani tofauti zinazopatikana ni ndogo.

Hata hivyo, ufundi wa kufundisha wanyama tunao. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Kwa Butiama, yenye chuo kikuu cha kilimo kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere, vifaa vya jaribio kama hilo la ndama ni ndoo tatu, pumba na saa ya mkononi. Ndoo ya kulia iwe na pumba kila siku, ya kushoto iwe tupu, mpaka ndama aikimbilie ya kwanza na kuipuuza ya pili bila kusitasita. Kundi moja lipigwe chapa, la pili litobolewe hereni, la tatu liachwe. Kisha iwekwe ndoo ya katikati, na zihesabiwe sekunde. Isifanyike kiangazi kikali, maana ng'ombe mwenye njaa huifuata ndoo yoyote, na isirudiwe mara nyingi, kwa kuwa ndama si mjinga: akiikuta tupu mara kadhaa, ataizoea kama ile ya kushoto.