Pango Si Dawa ya Ugonjwa wa Mlima
Msafiri apandaye Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, akitaka kushukia Sirimon upande wa Meru, huvuka Simba Col, mwanya ulio kama mita 4,600 juu ya bahari. Ng'ambo yake, katika Bonde la Mackinder, yako Mapango ya Shipton. Mwamba humkinga mtu na upepo na mvua, lakini haumkingi na uhaba wa hewa. Basi mwenzenu akiumwa sana na kichwa na kutapika, msipande zaidi. Akipepesuka, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, msingoje mapambazuko: mteremsheni usiku huohuo, pamoja na taa na mtu aijuaye njia. Kuteremka ndiyo dawa, kilele hakihami.