Kabla ya Kuongeza Mtu, Tafuta Kazi Inakwama Wapi

Biashara changa ikielemewa, dawa ya kwanza inayomjia mwenye biashara ni kuongeza mtu. Oda zimejaa kwenye WhatsApp, wateja wanalalamika kuwa mzigo umechelewa, mwenyewe halali. Basi anatafutwa kijana wa kusaidiasaidia. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi dawa hiyo haigusi ugonjwa. Katika biashara ya watu watatu, watano au wanane, kinachopungua kwanza ni mpangilio wa kazi, na mtu anayeingizwa kabla kazi haijapangwa huongeza gharama ya kila mwezi huku mauzo yakibaki palepale.

Tuchukue kiwanda kidogo cha mikate, cha aina inayopatikana katika mitaa mingi ya Dar es Salaam: mashine moja ya kukandia unga, oveni moja, waokaji wawili, mfungaji mmoja na bodaboda wa kusambaza madukani. Tuseme oveni inabeba mikate 60, na kila mkupuo unachukua dakika 40 tangu kuingizwa hadi kutolewa. Anayesimama pale na saa mkononi ataona jambo ambalo daftari la mauzo halimwambii: mikate ikishatoka, oveni inakaa tupu dakika 20, moto unawaka bure, kwa sababu unga wa mkupuo unaofuata bado haujaumuka. Kwa siku ya saa 9 hiyo ni mikupuo 9, yaani mikate 540. Mwenye kiwanda akiajiri mwokaji wa tatu, oveni itaendelea kusubiri, maana hamira haiharakishwi na wingi wa mikono. Lakini unga wa pili ukikandwa mapema na kuachwa uumuke wakati wa kwanza uko motoni, kusubiri kukashuka hadi dakika 5, mikupuo inafika 12 na mikate 720. Ni ongezeko la theluthi moja, na gharama yake ni seti ya pili ya makopo ya kuokea. Jambo hili aliliandikia riwaya nzima Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, katika The Goal iliyotoka mwaka 1984: kasi ya kiwanda chote ni kasi ya mahali pamoja panapokwama, na juhudi inayowekwa kwingineko hurundika tu kazi mbele ya mahali hapo.

Mfano wa karatasini unaweza kutiliwa shaka, kwa hiyo tutazame majaribio ya kweli. Nchini Sri Lanka, watafiti Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wenye biashara ndogondogo ruzuku ya mshahara ili waajiri mtu wa ziada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Wakati ruzuku inalipwa, wengi waliajiri. Ilipokoma, ajira zile hazikudumu, na wala mauzo au faida havikubaki juu kuliko vya wenzao ambao hawakupewa kitu. Kama tatizo la biashara hizo lingekuwa upungufu wa mikono, mikono iliyoletwa kwa bei ya chini ingepaswa kuacha alama. India ilionesha upande wa pili. Nicholas Bloom na wenzake walipeleka washauri katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, wakafundisha mambo yasiyo na mvuto wowote: kuandika kila mashine imesimama kwa sababu gani, kuhesabu uzi uliomo ghalani, kufuatilia kasoro za kitambaa. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Ni kweli viwanda vile vilikuwa vikubwa kuliko kiwanda chetu cha mikate, lakini daftari la sababu za mashine kusimama halihitaji kiwanda kikubwa. Linahitaji kalamu na mtu asiyechoka kuuliza.

Gharama ya mtu mpya nayo huhesabiwa kwa macho yaliyofumba nusu. Mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi hauishii hapo Tanzania Bara. Mwajiri anachangia asilimia 10 kwenye NSSF, yaani 30,000, na asilimia 0.5 kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 1,500. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, ambayo katika timu ya watu wanne ina maana robo ya nguvu kazi haipo kwa mwezi mzima, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Sitaji haya ili kumtisha mtu akwepe sheria, kwani ni haki ya mfanyakazi. Nayataja kwa sababu wengi huyagundua mwezi wa tatu. Ipo pia gharama isiyoandikwa popote. Watu watatu wana jozi tatu za mawasiliano. Sita wana 15. Kumi wana 45. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu za kompyuta za IBM, alieleza mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wakiifanya.

Atakayenipinga atasema: mwenye biashara ni binadamu, na akianguka yeye, imeanguka biashara. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali, ila linabadilisha swali. Linatuuliza ni kazi ipi imtoke mwenye biashara mikononi. Jaribio lililofanyika Nigeria na Stephen Anderson na David McKenzie, likachapishwa mwaka 2022, lililinganisha njia kadhaa za kuzisaidia biashara ndogo: kumfundisha mwenye biashara mwenyewe, kumletea mshauri, au kumpatia mtu mwenye ujuzi wa hesabu au masoko, awe mwajiriwa au mtoa huduma wa nje. Kumpatia mtu mwenye ujuzi kulishinda mafunzo, na kulifikia angalau kiwango cha ushauri kwa nusu ya gharama. Msaidizi asiye na kazi maalumu humwongezea bosi mtu wa kumsimamia, wakati mtunza hesabu wa siku mbili kwa wiki humwondolea kazi nzima, pamoja na usiku wa kulinganisha miamala ya lipa namba na risiti za madukani.

Pingamizi la pili linatokana na hisabati ya foleni, na hapa wenye kupenda kubana matumizi ndio wanaokosea. Tuseme mtu mmoja anahudumia wateja, kila mmoja kwa wastani wa dakika 10, nao wanafika bila mpangilio. Akiwa na kazi nusu ya muda wake, kielelezo cha kawaida cha foleni kinatoa wastani wa kusubiri wa dakika 10. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, kusubiri kunafika dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Kumbe mfanyakazi asiyepumua ndiye anayefukuza wateja. Ikiwa umepima na kukuta panapokwama ni mtu, si oveni wala hamira, ajiri mapema kabla hajajaa kabisa, wala usione uchungu kumwona mara mojamoja hana la kufanya.

Wengine hukimbilia ndugu, kwa kuwa wa nyumbani hadai mshahara. Sina ugomvi na ndugu. Biashara nyingi zimesimama kwa jasho la shangazi na binamu. Tatizo ni kwamba kazi yake haina mipaka, na siku anapokosea hakuna anayejua kama lilikuwa jukumu lake.

Mipaka hiyo, kwa bahati nzuri, sheria inatulazimisha kuiweka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwemo maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa na malipo. Wengi huyaona ni makaratasi ya kumridhisha mkaguzi. Mimi nashauri yaandikwe kabla ya tangazo la kazi kutoka, na yasomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi waliopo, kwa kuwa wao ndio watakaosema, "Hii naifanya mimi tayari," au, "Hii haifanywi na mtu yeyote." Kwa kiwanda chetu cha mikate, ningenunua kwanza makopo, kisha ningemlipa mtunza hesabu wa siku mbili kwa wiki. Mwokaji wa tatu ningemwajiri pale tu oveni itakapokuwa haisubiri tena na maduka bado yanaomba mikate, naye ningempa zamu ya alfajiri.