Kuzaliwa kwa Nyota



Hutokea katika nyumba zetu, hapa Miembeni na kwingineko, kwamba kijana hurejea kutoka shuleni akasema amefundishwa kuwa nyota huzaliwa, huzeeka na hufa, na mzee wake akamkemea kwa kudhani kuwa maneno hayo yanaipunguza dini. Sisi twaona kemeo hilo halina msingi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alizungumzia kupatwa kwa jua na mwezi, akaonya kwamba mwenye kukanusha jambo la falaki lililothibiti kwa hesabu huidhuru dini anayodhani anaitetea. Basi na tulitazame jambo lenyewe.

Tuanze na Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thuraya, na ambacho jina lake kwetu limetokana na kulima. Jicho huhesabu humo nyota sita au saba. Darubini huonyesha zaidi ya elfu moja. Nyota hizo ni ndugu wa tumbo moja, kwani zilitoka katika wingu moja yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kwa nyota huo ni utoto tu, maana Jua letu limekwisha timiza miaka bilioni 4.6.

Wingu lenyewe si kama haya yanayotanda juu ya Ziwa Viktoria. Sehemu yake kubwa ni gesi ya haidrojeni, ikifuatiwa na heli, na katika kila sehemu mia za uzito wake, moja hivi ni vumbi, laini mfano wa moshi wa kuni. Wingu hilo ni jepesi mno: hewa tuivutayo imeshindiliwa kulishinda mara mamilioni ya mamilioni. Lakini ni pana kiasi kwamba nuru, iendayo kilometa 300,000 kwa sekunde, huchukua miaka mingi kulivuka.

Na hapa pana ajabu, kwamba moto wa nyota huanzia katika baridi. Gesi yenye joto husukuma nje, kama mvuke unavyonyanyua kifuniko cha sufuria, na haikubali kujikusanya. Vumbi hulitia wingu kivuli, likazuia nuru ya nyota nyingine isipenye, hata ndani yake baridi ikafikia nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Hapo msukumo hulegea. Pale wingu lilipo zito kidogo kuliko pengine, uzito wake wenyewe hulivuta ndani, na kila linavyojikusanya ndivyo linavyozidi kuvuta.

Kitu kikishindiliwa hupata joto. Aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli ameugusa mwisho wa pampu na anajua. Kwa nyota iliyo sawa na Jua, kushindiliwa huko huendelea kwa makumi ya mamilioni ya miaka, mpaka kitovu kifikie joto la nyuzi milioni 10 au zaidi, na chembe za haidrojeni zianze kuungana ziwe heli. Moto huo hauhitaji kuni wala hewa. Nguvu yake husukuma nje, uzito huvuta ndani, vikalingana; na maadamu vimelingana, nyota hudumu.

Si vyote huangukia kitovuni. Wingu huwa linazunguka, na mabaki yake hutandazika kulizunguka jua changa mfano wa sinia. Mwaka 2014 darubini za redio zilizoko jangwani Chile zilipata picha ya sinia kama hilo kuizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri, isiyoonekana kwa macho, iliyo jirani na Aldebaran. Nayo Aldebaran ni jina la Kiarabu lenye maana ya mfuasi, kwa kuwa huifuata Thuraya. Katika sinia mfano wa hilo ndimo ilimotokea ardhi yetu, na ndimo kilimotoka kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Chuma chake ni kikongwe kuliko Jua: kilipikwa ndani ya nyota zilizotangulia, zikafa, zikayarudisha majivu yake mawinguni.

Wapo wanaosema haya yote ndiyo ule moshi uliotajwa katika Suratu Fussilat. Sisi hatufanyi haraka hiyo. Wafasiri wa kale, nao hawakuwa na darubini, baadhi yao waliueleza kuwa ni mvuke wa maji. Wanafalaki hurekebisha maneno yao kila wapatapo chombo bora, na Aya haingoji marekebisho.

Mwenye shaka na atoke nje mwanzoni mwa Februari, baada ya sala ya Isha, yapata saa tatu za usiku, mbingu ikiwa safi. Karibu na utosi ataona nyota tatu zenye kung'ara zilizojipanga mstari mmoja. Upande wao wa kusini pana nyota nyingine ndogo zilizofuatana, na ya katikati yao ina ukungu. Ukungu huo ni wingu la gesi na vumbi, na nyota zingali zikizaliwa humo. Liko mbali nasi kwa takriban miaka ya nuru 1,300: nuru itakayoingia machoni mwake usiku huo iliondoka huko zama za Bani Umayya.