Gari la taka halijaja! Sasa tufanyeje?

Ni saa mbili usiku. Umemaliza kula na unataka kufungua daftari lako la hesabu. Mara unasikia mama anaita kutoka uani:

"Mwanangu, hiki kiroba kimeanza kunuka. Hebu kakitupe pale mferejini, giza limeshaingia."

"Lakini mama, si tulishalipa hela ya taka?"

"Tumelipa ndiyo. Gari liko wapi?"

Hapo huna jibu. Shuleni umefundishwa kwamba kutupa taka mferejini ni kosa. Mama naye anajua. Lakini kiroba kina wiki mbili mlangoni, nzi wamejaa, na mdogo wako anatambaa hapo hapo. Kama hujawahi kutumwa hivyo, rafiki msomaji, basi una bahati.

Hivi kosa ni la nani? La mama? La dereva wa gari? Au la wewe unayebeba kiroba? Ili tujibu swali hili inabidi tuzungumze kuhusu kitu ambacho vijana wengi hatukijui: sheria ndogo za usafi.

Sheria ndogo ni nini?

Sheria kubwa hutungwa na Bunge. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya mji, manispaa au jiji lako. Za taka husema mambo kama haya: nani azoe taka, taka ziwekwe wapi, kila nyumba ilipe kiasi gani, na anayetupa ovyo atozwe faini gani.

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (zamani Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina madiwani wake na sheria ndogo zake. Ndiyo maana ada unayolipa wewe huenda si sawa na anayolipa binamu yako wa manispaa ya jirani.

Sheria hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zimebadilishwa mara nyingi, na kila mara kulikuwa na sababu. Tuangalie.

Zamani ilikuwaje?

Mwanzoni Halmashauri ya Jiji ilizoa taka yenyewe. Magari yalikuwa machache na mengi mabovu. Watu nao waliongezeka kila mwaka. Kufikia mwaka 1992 hali ilikuwa mbaya sana. Makadirio ya wakati ule yalionyesha kwamba katika kila kilo 100 za taka za jiji, zilizozolewa hazikufika kilo 5. Nyingine zote zilifukiwa, zilichomwa au zilitupwa mitoni na mabondeni.

Mwaka huo ukaanza mradi wa kuboresha jiji kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ikafuata kampeni ya dharura ya kuondoa marundo. Mwaka 1993 zikatungwa sheria ndogo mpya za taka. Mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya jiji, na wananchi wakaanza kulipia huduma hiyo.

Lakini kampuni yenye malori itaingiaje kwenye vichochoro vya uswahilini, ambako hata bajaji inapita kwa taabu? Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ikagawanywa zaidi. Vikundi vya akina mama na vijana wa mitaani wakapewa maeneo yao. Wao walikuwa na mikokoteni, makoleo na mafagio. Wakazoa nyumba kwa nyumba na kupeleka mahali ambapo lori linaweza kufika. Kumbe mkokoteni nao ni gari la taka!

Wananchi wa Tabata waliposema "basi"

Taka zikishazolewa zinakwenda wapi? Dampo. Na dampo liko karibu na nyumba za watu.

Miaka ya 1980 taka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Kulikuwa na moshi, harufu, nzi. Mwaka 1988 wakazi wakaamua kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ikakubaliana nao na kuitaka Halmashauri iache kumwaga taka pale, itafute mahali pengine pasipodhuru watu. Halmashauri ikarudi mahakamani kuomba muda, ikapewa. Ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji akakataa. Alisema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akakumbusha Ibara ya 14 ya Katiba: kila mtu ana haki ya kuishi.

Halmashauri ikahamia Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi karibu 800 wakaenda mahakamani, wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti, katika bonde la Msimbazi. Baadaye Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi, mbali kabisa na katikati ya jiji.

Unaona mambo mawili hapo? La kwanza, wananchi wa kawaida walibadilisha mambo kwa kudai haki yao. La pili ni gumu zaidi. Wa Tabata walipona, lakini taka zilikwenda kwa mwingine. Kila dampo likihamishwa mbali, lori linachoma mafuta mengi zaidi na linafanya safari chache zaidi kwa siku. Matokeo yake ni kile kiroba chenu cha wiki mbili.

Na afya yako je?

Wengine wanafikiri taka ni suala la harufu tu. Sivyo.

Kipindupindu. Ugonjwa huu unaletwa na kinyesi cha mgonjwa kuingia kwenye maji au chakula. Taka zikiziba mfereji, mvua ikinyesha, maji yanafurika hadi vyooni na kurudi majumbani na visimani. Agosti 2015 mlipuko ulianza Dar es Salaam ukasambaa katika mikoa mingi. Mwaka huo sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilifutwa, na nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio.

Homa ya dengi. Mbu wake (Aedes) huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya makopo, vifuu na matairi. Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Tangu yai hadi mbu ni kama wiki moja tu. Ukimwaga maji hayo kila wiki, umeshamuwahi.

Moshi. Kuchoma taka uani kunaonekana usafi, lakini plastiki ikiungua inatoa sumu. Macho yanawasha, na mwenye pumu anabanwa kifua.

Vitu vyenye ncha. Wembe na sindano vikichanganywa na taka humchoma anayezizoa. Anaweza kupata pepopunda, homa ya ini au hata VVU. Viweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko. Sindano ipeleke zahanati. Pedi na kondomu zilizotumika zifunge vizuri kwenye karatasi kabla ya kutupa. Hakuna cha kuona aibu hapo, ni kumjali mwenzako.

Ukichomwa na sindano iliyotupwa, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue jeraha, na kimbia kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zipo, lakini lazima zianze ndani ya saa 72. Mapema zaidi ni bora zaidi.

Kuzoa peke yake hakutoshi

Kwa miaka mingi sheria za taka zilihusu kuhamisha tu: toa hapa, peleka kule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilileta wazo jingine. Inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapotoka, yaani nyumbani, sokoni, shuleni. Kanuni za taka ngumu za mwaka 2009 zikaongeza maelezo.

Kwa nini kutenganisha? Angalia ndani ya kiroba chenu. Zaidi ya nusu ni maganda, majani ya mboga, ugali uliolala. Hivyo ndivyo vinavyooza, kunuka na kuita nzi. Vikitengwa vinakuwa mboji. Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, kwa ajili ya taka za masokoni. Chupa, makopo na skrepa zikitengwa zinauzwa. Kinachobaki cha kupelekwa dampo ni kidogo.

Sasa mbona haifanyiki? Sababu kubwa ni hii: wewe unatenganisha vizuri, halafu linakuja lori moja linachanganya vyote. Mtu akiona hivyo mara mbili, ya tatu hatenganishi tena. Nani atampa lawama? Sheria inayomdai mwananchi ndoo mbili lazima imdai na mzoaji magari mawili, au siku mbili tofauti.

Ukidhani watu hawabadiliki, kumbuka mifuko ya rambo. Ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tulizoea kupewa mfuko hata wa nyanya mbili. Leo tunakwenda sokoni na vikapu na mifuko mbadala. Sheria ilieleweka, ilikuwa na tarehe, na watu walipewa kitu kingine cha kutumia.

Wale vijana waokota makopo

Kuna watu tayari wanafanya kazi ya kutenganisha kila siku, tena bila mshahara. Ni wale wanaopita na viroba mgongoni wakiokota chupa na makopo. Mitaani wanaitwa majina ya ajabu, wengine wanafukuzwa kama wezi. Lakini kila chupa wanayookota haiendi mferejini wala dampo. Wengi hawana glavu wala viatu vya maana. Sheria ndogo nzuri ingewatambua: wapewe vitambulisho, wapewe eneo la kuchambulia, wapate chanjo ya pepopunda. Na watoto waliomo waondolewe warudi darasani.

Sheria inabadilishwaje?

Si kazi ya mkurugenzi peke yake. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, halmashauri ikitaka kutunga au kubadili sheria ndogo inapaswa kuwatangazia wananchi ili wenye pingamizi au maoni wayatoe. Madiwani wanajadili, kisha Waziri mwenye dhamana anaidhinisha, ndipo inatangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo kwenye kutoa maoni ndipo wengi wetu tunapolala. Tunakuja kuamka siku ya faini!

Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Kama hujafika umri huo, usikae kimya. Klabu ya mazingira au ya afya inaweza kuandika barua kwa diwani kupitia kwa mwalimu, au kumwalika bwana afya wa kata shuleni. Mwulizeni kwa heshima, lakini mwulizeni:

1. Gari linatakiwa kupita mtaani kwetu siku gani, na lisipopita tumwambie nani?
2. Tukilipa na huduma isipatikane, mzoaji anachukuliwa hatua gani?
3. Tukitenganisha, taka zetu zitabebwa bila kuchanganywa?
4. Hela ya taka inakusanywa na nani, na risiti iko wapi?
5. Waokota makopo wana nafasi gani katika utaratibu huu?

Kama sheria inamtoza faini mama anayetupa kiroba lakini haisemi lolote kuhusu gari lisilokuja, sheria hiyo ina mguu mmoja. Haiwezi kutembea.

Na kile kiroba je?

Haya, turudi uani. Mama bado anasubiri. Usimjibu kwa ukali, na usiende mferejini. Mwambie, "Mama, naomba dakika kumi nikichambue."

Vaa mfuko mikononi. Maganda na mabaki yaweke kwenye ndoo kuukuu yenye mfuniko, nyunyizia majivu au udongo juu, harufu itapungua. Kesho yafukie kwenye shimo la mboji, au mpe jirani mwenye kuku au mbuzi. Chupa na makopo yamwage maji, yaweke kwenye kiroba chake, yule kijana akipita mpe au muuzie. Kilichobaki kifunge. Utaona ni kidogo na hakinuki, kinaweza kusubiri gari. Nawa mikono kwa sabuni, kisha rudi kwenye hesabu zako.

Jumatatu, mwambie mwalimu wa klabu kwamba mna barua ya kuandika. Umefanya sehemu yako nyumbani. Sasa waulizeni wenye gari wafanye ya kwao.