Kiasi na Mtawanyo wa Nguvu katika Kinu cha Nyuklia

Mfasiri aandikaye "kudhibiti nguvu za kinu cha nyuklia" huficha mambo mawili katika neno moja: kiasi cha nguvu zote, na mtawanyo wake ndani ya kinu. (Nasema mtawanyo, si mgawanyo, kwa kuwa mgawanyo wadai mgawaji.) Apikaye mkate wa kumimina Kariakoo ayajua yote mawili. Makaa yake yaweza kuwa kadiri ifaayo, lakini akiyarundika katikati ya mfuniko, mkate huungua katikati na kubaki mbichi kando.

Kinu nacho kina tabia hiyo. Nyutroni zipasuazo urani hutoroka pembezoni, kwa hiyo nguvu huelekea kuzidi katikati. Jumla yaweza kuwa sahihi huku baadhi ya fimbo za fueli zikipata joto la kuziharibu. Basi fimbo za boroni, zimezazo nyutroni, hazitazamwi kwa wingi wake tu, bali na kwa mahali zilipo.

Kinu cha kwanza cha Afrika, TRICO cha Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kongo, kilianza mwaka 1959, kwa kilowati 50. Kilikuwa kidogo, na fueli yake ilipopata moto ilipunguza nguvu yenyewe. Katika vinu vikubwa taabu ni zenoni, gesi itokanayo na mpasuko, nayo humeza nyutroni mno. Upande mmoja ukipungua nguvu, zenoni hurundikana hapo, kwa kuwa nyutroni za kuimaliza ni chache, na upande wa pili huzidi kuwaka. Baada ya saa kadhaa hubadilishana. Kipimo cha jumla hakionyeshi kitu. Ndiyo sababu vipimo hutiwa mahali pengi ndani ya kinu, na fimbo za upande mmoja hushushwa huku za upande wa pili zikipandishwa.