Bei za Juni, Msaada wa Oktoba

Kila Oktoba 1, viwango vya msaada wa chakula nchini Marekani hupangwa upya. Kwa mwaka wa fedha 2026, kaya ya watu wanne katika majimbo 48 ya bara hupata hadi dola 994 kwa mwezi. Mwaka uliotangulia ilikuwa 975. Kiwango cha anayeishi peke yake kilipanda kutoka dola 292 hadi 298. Hiyo ni takribani asilimia 2.

Mpango unaotoa msaada huo, SNAP, ndio uliorithi stempu za chakula za sheria ya mwaka 1964. Katika mwaka wa fedha 2024 ulihudumia wastani wa watu zaidi ya milioni 41 kila mwezi, kwa gharama ya karibu dola bilioni 100. Maduka yanayopokea kadi zake za malipo yanapita 250,000, kuanzia Walmart hadi vioski vya mitaani. Fedha hizo hazinunui sabuni, sigara wala chakula cha moto, hivyo karibu zote huishia kwenye rafu za vyakula, nyingi ndani ya siku chache baada ya kuingia. Wachumi wa Wizara ya Kilimo walikadiria kuwa uchumi unapodorora, kila dola ya msaada huzalisha pato la taifa la dola 1.54.

Kima cha juu hutokana na kapu la vyakula vya gharama nafuu ambalo wizara hulipigia bei. Mlaji wake ni familia ya mfano: baba na mama wa umri wa miaka 20 hadi 50, mtoto wa miaka 6 hadi 8, na mwingine wa 9 hadi 11. Bei ya kapu hilo mwezi Juni ndiyo huwa kima cha kuanzia Oktoba hadi Septemba ya mwaka unaofuata.

Hapo ndipo mnunuzi anapobanwa. Kuanzia Oktoba 2021 kima cha watu wanne kilikuwa dola 835. Mwaka 2022 bei za vyakula zilipaa, lakini kima hakikusogea hata dola moja hadi Oktoba, kilipofika 939 kwa mkupuo. Baadaye, kutoka mwaka wa fedha 2024 hadi 2025, kilipanda dola mbili tu, 973 hadi 975. Na marekebisho si lazima yaongeze: Hawaii, ambako hesabu hufanywa peke yake, kima kilishuka katika mwaka wa fedha 2026 kutoka 1,723 hadi 1,689.

Wengi hawapati kima kizima. Serikali hukata kwenye kima hicho kiasi sawa na asilimia 30 ya kipato kinachobaki baada ya makato yanayoruhusiwa. Mama wa watoto watatu mwenye kipato halisi cha dola 600 hukatwa 180, akabaki na 814. Mzee mwenye pensheni ana mtihani mwingine. Pensheni ya serikali hupandishwa Januari, miezi mitatu baada ya msaada wa chakula. Ikiongezeka dola 40, msaada wake unaweza kupungua dola 12, na hadi 18 ikiwa kodi ya nyumba inaingia kwenye hesabu. Anapewa kwa mkono huu, anapokonywa kwa mkono ule.

Mara ya mwisho kapu lenyewe kuboreshwa kwa dhati ilikuwa 2021, lilipopanda asilimia 21. Sheria aliyotia saini Rais Donald Trump Julai 4, 2025 imefunga njia hiyo: mapitio yajayo hayaruhusiwi kuongeza gharama kupita mfumuko wa bei. Sheria hiyohiyo imewaondoa wakimbizi mpaka wapate ukaazi wa kudumu, pigo kwa familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopokelewa nchini humo miaka ya karibuni. Kuanzia Oktoba 2027, majimbo mengi yenye makosa mengi ya malipo yatachangia gharama ya msaada wenyewe.

Kwa wenye maduka, maana yake ni kwamba soko hili litafuata bei bila kuzipita. Anayetaka kukisia mauzo ya kadi ya mwaka ujao atazame bei za vyakula za Juni, kisha ahesabu ni watu wangapi wamebaki kwenye orodha. Hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayoamua zaidi.